Mama anataka kucheza harusini na kulima bustani yake, nasi tunaogopa joto

"Shikamoo daktari. Mama yangu ana miaka 74, ana wajukuu saba na presha ya siku nyingi. Anatumia losartani na dawa ya kukojoza, haidroklorothiazaidi, zote asubuhi. Magoti yakimuuma anameza diklofenaki anayojinunulia mwenyewe, na usiku anameza kidonge cha mafua, klorofeniramini, ili apate usingizi. Kiangazi kilichopita, kwenye sherehe ya kuzaliwa ya mjukuu, alikaa muda mrefu, akala vizuri, kisha alipoinuka kwenda kupiga picha akaona giza akaanguka. Vipimo vya moyo na sukari vilitoka safi. Sasa joto limerudi, na wiki tatu zijazo mjukuu wake wa kwanza anafunga ndoa. Ndugu zangu wanasema aache bustani, na harusini aonekane kidogo tu kisha arudishwe nyumbani. Dada yangu anashauri siku hiyo asimeze dawa za presha ili asihangaike na choo. Mama amekasirika, anasema hataki kulindwa kama yai. Tufanye nini?"

Marahaba. Hofu yenu ina msingi. Mzee aliyeanguka mara moja ana uwezekano mkubwa wa kuanguka tena kuliko ambaye hajawahi, na nyonga ikivunjika katika umri huo kupona huchukua miezi. Lakini mnataka kumwondolea sherehe na bustani, wakati kwa maelezo yako vyote viwili havikumwangusha. Kilichomwangusha, kwa uwezekano mkubwa, ni presha iliyoshuka ghafla aliposimama. Hilo lina sababu zinazojulikana, na karibu zote zinarekebishika bila kumfungia ndani.

Mtu akisimama, kati ya nusu lita na lita moja ya damu huteremkia miguuni na tumboni kwa uzito wake tu. Kwa kijana, vihisi vilivyo kwenye mishipa mikubwa ya shingo hugundua hilo papo hapo: moyo unaongeza mapigo, mishipa ya miguu inajikaza, na ubongo haupungukiwi. Kwa mtu wa miaka 74 vihisi hivyo vimekuwa vizito kidogo. Kwa kawaida uzito huo hauleti shida. Siku ile ya sherehe mambo manne yalikutana. Joto lilikuwa limefungua mishipa ya ngozi ili mwili upoe, kwa hiyo damu nyingi ilikuwa nje kwenye ngozi. Chakula kilikuwa kimevuta damu nyingine tumboni. Kwa wazee wengi presha hushuka ndani ya saa mbili baada ya kula, hasa mlo mkubwa wa wanga. Dawa ya kukojoza ilikuwa imepunguza maji kwenye damu tangu asubuhi, na losartani ilikuwa imelegeza mishipa. Halafu akainuka haraka kwa sababu anaitwa kwenye picha. Hapo ndipo giza lilipoingia.

Ndiyo maana vipimo vilitoka safi. Moyo wake ukipimwa akiwa amelala kitandani, hali hii haionekani. Inaonekana kwa kipimo ambacho mnaweza kukifanya wenyewe mkiwa na mashine ya presha ya mkononi. Alale chali dakika 5 bila kuzungumza, mpime. Asimame, mtu mmoja akiwa karibu na kiti kikiwa nyuma yake, mpime baada ya dakika 1 na tena baada ya dakika 3. Namba ya juu ikishuka kwa 20 au zaidi, au ya chini kwa 10 au zaidi, presha yake inaporomoka akisimama. Fanyeni asubuhi kabla ya kifungua kinywa, na siku hiyohiyo tena saa moja au moja na nusu baada ya chakula cha mchana, kwa siku tatu. Andikeni namba zote, hata zile nzuri, pamoja na saa mlizopima na saa alizomeza dawa. Karatasi hiyo itamsaidia daktari wake kuliko maelezo yoyote ya mdomo. Akihisi giza kabla dakika 3 hazijaisha, akae mara moja. Hilo peke yake ni jibu.

Sasa dawa, kwa sababu hapa ndipo penye hatari ambayo hakuna aliyeitaja nyumbani kwenu. Diklofenaki pamoja na losartani na dawa ya kukojoza ni mchanganyiko unaoumiza figo. Chujio la figo linahitaji msukumo wa damu. Diklofenaki hubana mshipa unaoingiza damu kwenye chujio, losartani hulegeza ule unaoitoa, na dawa ya kukojoza hupunguza ujazo wa damu yenyewe. Kila moja peke yake figo huivumilia. Zikiwa tatu, siku ya joto, mzee akiwa amekunywa maji kidogo, figo zinaweza kusimama kazi ndani ya siku chache bila maumivu yoyote. Juu ya hayo diklofenaki hupandisha presha, yaani anameza dawa moja kuiharibu kazi ya nyingine. Aiache. Kwa magoti, parasetamoli vidonge viwili vya miligramu 500, si zaidi ya mara tatu kwa siku, ni salama zaidi kwake ikiwa ini lake ni zima na hajakonda sana. Jeli ya diklofenaki ya kupaka gotini huingia kwenye damu kwa kiasi kidogo sana ikilinganishwa na kidonge. Mwulizeni daktari kama anaweza kuitumia.

Kile kidonge cha mafua cha usiku nacho kiondoke. Klorofeniramini huzuia jasho, na jasho ndilo linalopoza mwili. Vilevile humwachia mzee uzito wa kichwa hadi asubuhi, kizunguzungu, choo kigumu, na wakati mwingine kuchanganyikiwa. Kwa mtu aliyekwisha kuanguka sioni sababu ya kuendelea nacho. Kama usingizi ni shida kweli, hilo ni jambo la kumweleza daktari na kulitafutia chanzo.

Wazo la dada yako la kuruka dawa za presha siku ya harusi ninalielewa, na wazee wengi hufanya hivyo kimyakimya. Lisifanyike bila daktari. Ila kuna njia ambayo haihitaji kuruka chochote. Haidroklorothiazaidi huanza kukojoza baada ya kama saa mbili, hufikia kilele karibu na saa ya nne, kisha hupungua polepole. Akiimeza saa kumi na mbili asubuhi, safari za chooni zitafikia kilele karibu na saa nne, kisha zitaanza kupungua. Harusi ikianza saa nane mchana, sehemu kubwa ya tatizo itakuwa imepita. Kama kawaida yake ni kumeza saa mbili au saa tatu, kuisogeza mapema kwa saa kadhaa hakuna madhara. Kama sherehe inaanza asubuhi, au vipimo vya kusimama vimeonyesha presha inaporomoka, daktari anaweza kupunguza dozi au kubadilisha dawa kwa msimu wote wa joto. Huo ni uamuzi wake, na ni wa kawaida kabisa.

Kuhusu maji, familia nyingi hukosea pande zote mbili. Kosa la kwanza ni kusubiri kiu. Kiu hupungua na umri. Mzee anaweza kuwa amepungukiwa maji na asihisi lolote. Hata rangi ya mkojo, tunayoambiana kila siku kuwa ndiyo kipimo, haiaminiki kwa wazee kwa sababu figo zao haziwezi tena kuukoleza mkojo kama zamani. Mkojo mweupe haumaanishi maji yanatosha. Kipimo kizuri cha nyumbani ni mizani: apimwe kila asubuhi akishatoka chooni, kabla ya kula, akiwa na nguo zilezile. Uzito ukishuka kilo moja ndani ya siku moja au mbili, hiyo ni takriban lita moja ya maji iliyopotea, maana mafuta hayapungui kwa kasi hiyo.

Kosa la pili ni kumshindilia. Mtu akisikia joto anaambiwa anywe lita nne, tano. Kwa mama anayetumia haidroklorothiazaidi, maji mengi matupu yanaweza kuishusha chumvi ya damu mpaka akaumwa kichwa, akatapika, akachanganyikiwa, na watu wakadhani ni joto na kumwongezea maji mengine. Mwanamke wa umri wake anahitaji vinywaji vya takriban lita 1.6 kwa siku, ambazo ni glasi nane za mililita 200. Siku ya joto kali au ya kazi bustanini ongezeni glasi mbili au tatu. Chai, maziwa na supu vyote vinahesabika. Si kweli kwamba chai ya kawaida humkausha mtu. Maji ya chumvi na sukari ni ya mgonjwa wa kuhara, si kinywaji cha kila siku cha mwenye presha. Na kama amewahi kuambiwa moyo wake ni dhaifu au figo zina shida, tupeni hesabu yangu na mfuate kiwango alichopewa hospitalini.

Glasi hizo hazitanyweka kama mama ana sababu ya kuzikwepa, na sababu kubwa karibu kila mara ni choo. Mzee mwenye magoti mabovu, aliyevaa nguo za sherehe, kwenye ukumbi asioujua, anapiga hesabu: choo kiko mbali, kina ngazi, kuna foleni, itabidi niombe mtu. Anaamua kutokunywa tangu asubuhi, na hamwambii mtu. Ninyi mnaona mama "hana kiu". Kwa hiyo, kabla ya kupanga kiti chake, kagueni choo. Kiko hatua ngapi kutoka anapokaa? Kuna ngazi? Kuna cha kushika akiinuka? Mlango unafungika? Kama ni cha kuchuchumaa na magoti hayakubali, tafuteni kiti cha choo cha kubebeka. Mteueni mjukuu mmoja wa kike mkubwa mwenye busara awe wa kumsindikiza, na mama ajue tangu nyumbani kuwa ni huyo, ili asihangaike kutafuta wa kumwomba. Nguo yake iwe rahisi kufungua na kufunga. Mkishayatengeneza haya mtamwona anakunywa bila kusukumwa.

Kiti chake kiwe kivulini au ndani penye hewa, chenye mikono ya kuegemea, na urefu wa kumwezesha kukanyaga chini magoti yakiwa sawa na nyonga, kama sentimita 45. Sofa laini ya wageni wa heshima ndiyo mbaya kuliko zote: inammeza, na kuinuka kwake ni kazi ya nguvu inayoishia kwenye kizunguzungu. Mwekeni mbali na spika. Kelele humchosha mzee upesi kuliko mnavyodhani, na kama anatumia kifaa cha kusikia, muziki mkubwa unamfanya akizime na kubaki peke yake katikati ya watu. Ukuta uwe nyuma yake na wanaozungumza naye wawe mbele.

Chakula apewe kidogo mara mbili badala ya sahani moja kubwa, na anywe glasi moja au mbili za maji robo saa kabla ya kula. Hilo hupunguza ule mporomoko wa baada ya mlo. Pombe, kama anatumia, hulegeza mishipa na kukojoza kwa pamoja, basi siku hiyo aiache.

Na kucheza? Acheze. Ninyi mnaogopa uwanja wa muziki, mimi naogopa foleni ya picha. Mtu anapocheza, misuli ya miguu inajikunja na kukunjuka na kuisukuma damu irudi juu kwenye moyo. Mtu aliyesimama tuli dakika 15 akisubiri mpiga picha apange ukoo mzima, misuli yake imelala na damu inazidi kuteremka. Picha za bibi zipigwe akiwa amekaa, wengine wamzunguke. Kama ni lazima asimame, aitwe wa mwisho. Nyimbo mbili au tatu kisha kiti na glasi ya maji, halafu arudi tena akitaka. Apangiwe pia saa ya kujilaza katikati ya siku, chumba tulivu, dakika 30 hivi. Atakayelala mchana ataufikia usiku, ilhali aliyekazana kukaa tangu asubuhi hata keki haioni. Kumrudisha nyumbani kuwe ni akitaka yeye. Gari na dereva wawepo kuanzia mwanzo ili akisema "nimechoka" asisubiri.

Kuna namna ya kuinuka ambayo aifanyie mazoezi kuanzia leo mpaka iwe tabia. Akiwa bado amekaa, ainue na kushusha visigino mara 15 hadi 20, akunje na kukunjua ngumi. Asogee ukingoni mwa kiti, asimame akishika kitu imara, abaki hapo akihesabu polepole hadi 30, ndipo aondoke. Asubuhi akiamka aketi kitandani dakika 2 kwanza. Giza likianza, apishanishe miguu na kubana mapaja na makalio kwa nguvu. Hilo huipandisha presha kwa sekunde chache za kumwezesha kukaa. Asijaribu kukifikia kiti kilicho mbali. Akae hapohapo, hata chini.

Bustani msimnyang'anye. Mzee akiacha kazi za mwili hupoteza misuli ya miguu haraka sana, na misuli hiyohiyo ndiyo inayomkinga asianguke. Wiki chache za kukaa kitini zitamfanya awe dhaifu zaidi siku ya harusi. Badilisheni saa na mkao. Afanye kazi kabla ya saa nne asubuhi au baada ya saa kumi na moja jioni, dakika 20 kisha dakika 10 kivulini. Joto likianza ghafla, siku za kwanza apunguze kazi hadi nusu, maana mwili huchukua wiki moja hadi mbili kuzoea.

Kinachomletea kizunguzungu bustanini ni kuinama na kuinuka, zaidi ya jembe lenyewe. Kupalilia akiwa ameinama kichwa chini dakika kumi kisha kujinyoosha ghafla ni kurudia kile kilichotokea kwenye sherehe. Mjengeeni tuta moja au mawili yaliyoinuliwa, urefu wa sentimita 60 hadi 70, upana usiozidi sentimita 60 kama anafikia upande mmoja tu, ili apalilie na kupandikiza akiwa amekaa. Kwa matuta ya chini apate jembe dogo na reki zenye mpini mrefu. Kigoda kifupi kinampendeza lakini kuinuka kwake kunamtesa. Kama anakipenda, pembeni yake kichimbiwe nguzo imara ya kushika. Keni ya lita 10 ikijaa ni kilo 10 na ushee, na humvuta upande mmoja: ajaze nusu, au mwekeeni mpira wa maji. Matandazo ya majani makavu yenye unene wa sentimita 5 hadi 8 kuzunguka mimea hupunguza palizi na umwagiliaji kiasi cha kuonekana. Kofia pana, nguo nyepesi ya mikono mirefu, na kitambaa kilicholoweshwa shingoni. Simu iwe mfukoni, si dirishani.

Ndani ya nyumba feni inasaidia, ila ina kikomo. Hewa ikikaribia nyuzi 40 feni inamsukumia mtu joto badala ya kumpoza, na kwa mzee anayetoa jasho kidogo ningeanza kuwa na wasiwasi mapema zaidi, kwenye nyuzi 37 au 38. Mloweshe mikono, miguu na shingo kwa maji kwanza, ndipo feni ifanye kazi.

Zipo dalili za kutosubiri. Akianza kuongea vitu visivyoeleweka, akiwa na usingizi usio wa kawaida, akitembea kama mlevi, au joto la mwili likifika nyuzi 40, huko ni kupigwa na joto, na ni dharura hata kama bado anatoka jasho; ngozi kavu si sharti. Mpelekeni kivulini, mumvue nguo za juu, mumwagie maji mwili mzima na kumpepea kwa nguvu, vitambaa vya baridi shingoni, kwapani na kwenye mapaja juu, huku gari la wagonjwa likiwa limeshaitwa. Msimpe kinywaji kama hajitambui vizuri. Parasetamoli haishushi joto la aina hii. Hospitali siku hiyohiyo pia kama amezimia akiwa amekaa au amelala, amezimia huku moyo ukienda mbio au kifua kikiuma, amepigiza kichwa, uso umepinda au mkono umelegea, au hajakojoa tangu asubuhi hadi jioni.

Kwa daktari wake nendeni wiki hii, msisubiri ya harusi. Bebeni karatasi ya presha za kulala na kusimama, uzito wa kila asubuhi, na dawa zote kwenye mfuko mmoja, pamoja na zile za kujinunulia na za miti shamba. Ombeni apimwe kazi ya figo na chumvi za damu, yaani sodiamu na potasiamu, na daktari aelezwe wazi kwamba diklofenaki ilikuwa inatumika. Dawa ikibadilishwa, mpe mwili wiki moja hadi mbili, kisha rudieni kipimo cha kusimama nyumbani. Wiki tatu mlizo nazo zinatosha kwa hilo mkianza sasa.